Kalamu Iliyong'arishwa

Kuna kaburi hapa Kampala ambalo halijapata jina mpaka leo, mwanangu, kwa sababu mtu mwema alisafisha kalamu.

Siku ile haijanitoka kichwani. Nilikuwa msichana, nimekuja kutoka Busia kumsaidia mjomba wangu Wanjala, fundi wa kalamu za wino, katika kibanda chake cha Mengo. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, tukawasha taa mchana. Wakaingia watu wawili: Auma, mke wa sajenti wa polisi aliyepotea kazini, na Koplo Odong, rafiki wa huyo mumewe. Koplo alifungua leso, akaweka mezani kalamu nyeusi. Iling'aa kama kiatu cha gwaride.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Sajenti na mwenzake walitumwa safari, hawakurudi. Baada ya muda mrefu mifupa ya mtu ilipatikana kinamasini, kalamu hiyo ikiwa ndani ya mabaki ya shati. Mtu mmoja tu. Na wote wawili walikuwa na kalamu nyeusi za aina moja, walizozinunua kwa mjomba. Zilitofautiana nakshi tu, ile inayochongwa kwa mashine kuzunguka mwili wa kalamu. Ya sajenti ilikuwa mawimbi. Ya mwenzake, punje kama za ngano, safu kwa safu. Mjomba akiona mawimbi, Auma angepeleka mifupa kaskazini, amzike mumewe nyumbani kwao. Akiona punje, mifupa ilikuwa ya kuzikwa na mke wa yule mwenzake.

Nakshi ya kalamu kuukuu haisomwi kwa kuikodolea macho. Unailaza chini ya taa, mwanga uje kwa ubavu, unaizungusha polepole, na mistari iliyolika hutoa kivuli chembamba. Hata uchafu hukusaidia, maana hukaa ndani ya mistari. Mjomba alizungusha, akazungusha tena. Kisha akazima taa.

"Nani aliisugua?"

"Mimi, mzee," Koplo akasema. "Nilisafisha yeye na dawa ya kung'arisha vifungo, mpaka mkono inauma. Kitu ya marehemu haiwezi kuja chafu kwa bibi yake."

"Wewe ungekuwa mpishi ungeosha hata chumvi," mjomba akamwambia, bila kucheka.

Koplo akainamia viatu vyake. Navyo vilikuwa vinang'aa.

Auma hakuwa amekaa. "Mzee, ni yake ama si yake?"

"Sijui, mama."

"Mama yake anangoja kule. Nimwambie nini? Sema tu moja, mzee. Hata kama ni ile mbaya."

Nilimnong'oneza mjomba kwa lugha ya kwetu: mwambie tu ni yake, akapumzike. Alinigeukia, na sijawahi kuyaona tena macho yale. "Na yule mke mwingine? Huyu akishazika, yule atazika nini? Huruma yako inamwona aliye mbele yako tu."

Auma aliifunga kalamu katika leso, wakatoka mvuani. Mifupa ilizikwa hapa mjini, pamoja na ya wasiojulikana. Koplo aliendelea kupita kibandani miaka mingi, mpaka akastaafu, akiuliza kama imetokea dawa ya kurudisha mistari. Kila mara tulimwambia bado. Ukweli ni kwamba haiwezi kutokea.

Basi mwanangu, nikuachie hili. Kitu cha mtu aliyeondoka kikikufikia, usikimbilie kukipangusa. Kitazame kwanza na vumbi lake, na kutu yake, maana heshima yako inaweza kufuta kile ambacho wenyewe walikuwa wanakitafuta. Na mtu akikulilia umpe jibu usilo nalo, mwambie hujui. Atakuchukia kwa muda, na wewe utalala vibaya, lakini hutakuwa umemnyang'anya mwingine maiti yake. Mungu akupe macho yasiyo na haraka, na kifua cha kusema sijui mbele ya anayelia.

Mjomba alishatangulia, meza ni yangu sasa. Wiki iliyopita binti wa Auma alikuja kutoka Nateete na leso ile ile. Mama yake ni mgonjwa, na swali lake halijabadilika. Nina lenzi kali kuliko ya mjomba, nikasema nijaribu. Pale shingoni, ambapo kifuniko hujifungia na kitambaa cha Koplo hakikuingia vizuri, umebaki mstari mmoja mfupi, umepinda kuelekea juu kisha ukakatika.

Wimbi huanza hivyo. Punje nayo huanza hivyo hivyo. Binti atarudi Jumamosi.