Mashine iliyoleta mto nyumbani

Ndugu na marafiki, kwa huzuni ninawatangazia kifo cha chumvi yetu ya mezani. Leo mchana imegeuka maji ndani ya kopo lake.

Muuaji ni mashine ya kupoesha hewa kwa maji. Tonton Salumu ameileta kutoka Lubumbashi ili bibi yetu Koko, mama yake, apumue vizuri, maana kifua kinamsumbua.

Mimi nilitaka climatiseur, kiyoyozi cha kweli.

"Clim inakula courant ya umeme," Tonton akanijibu. "Hii inakunywa maji tu. Alors, Kisangani maji inakosekana?"

Akafunga madirisha yote, baridi isikimbie.

Kabla ya saa moja kuisha, kuta zilitoka jasho. Picha ya marehemu Babu ikavimba uso.

Halafu Koko akaacha kukohoa. Hapo ndipo nilipoogopa, maana hata pumzi ya kukohoa hakuwa nayo.

"Salumu," akanong'ona, "nimezaliwa kando ya maporomoko. Harufu ya mto ninaijua. Umeingia humu ndani."

Tonton akamshika mabega. Tukambeba Koko hadi barazani, na huko akarudi kukohoa. Sijawahi kufurahia kikohozi hivyo.

Wenye clim, mutuambie ukweli: courant yenu inatosha?

Karatasi ya mashine nimeisoma sasa hivi. Inasema itumike mahali penye hewa kavu.