Springi Fupi za Mjomba

Juzi hapa Gitega niliona gari lililoshushwa chini likidunda kwenye lami, nikakumbuka mchana ule, nikiwa mtoto, tulipopeleka pombe ya ndizi Muyinga, mjomba akaombe mchumba. Bila pombe hakuna posa. Alikuwa amefunga springi fupi ili gari lipendeze ukweni, lakini kila shimo liliturusha, povu likamwagika kutoka madumuni, harufu ya uchachu ikatujaa puani.

"Kaa kwa uzito, we mwepesi!" mjomba alinitania.

Niliamini gari linaruka kwa sababu yangu, nikabana pumzi niwe mzito. Leo najua springi zilikuwa fupi mno, shokapu zikigonga mwisho kila shimo.

Tulipofika, baba wa binti aliyeposwa alitikisa dumu lililobaki nusu.

"Binti yetu naye ataondoka na gari hili?"

"Hapana, mzee. Atapanda basi," mjomba alijibu.

Mzee alicheka, akaagiza mrija wa kunywea pombe pamoja, ishara kwamba posa imekubaliwa.