Mkaguzi wa kayaki na samaki wa kununua

Saa saba mchana, maji ya ghuba yametulia, na Elinami Mlay ameketi kwenye kayaki ya plastiki ya rangi ya chungwa, mita mia mbili kutoka nchi kavu. Kafi la kupigia maji amelipakata mapajani kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Anatazama saa. Dakika arobaini zimepita, bado ishirini.

Mkononi ana mshipi. Chubwi la kuzamisha ndoano limefika chini kwenye mchanga na linadunda, tuk, tuk, kila kayaki inaposukumwa na mkondo. Ndivyo anavyovuliwa gayogayo, yule samaki bapa mwenye macho yote upande mmoja, anayejifukia mchangani na kusubiri chambo kimpitie puani.

Ukimwona kwa mbali utasema huyu bwana anakula bata. Wapi! Elinami yuko kazini, na kama kuna mtu asiyeburudika katika ghuba nzima leo, basi ni yeye.

Ni Mtanzania mwenye umri wa miaka thelathini na minne, anayeishi Guangzhou, kusini mwa China, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari kutoka hapa. Alikuja kwa ufadhili wa masomo, akasoma mambo ya usafirishaji, akamaliza, akabaki. Siku hizi ni mkaguzi wa bidhaa. Watu wa nyumbani wanaoagiza mali bila kuwa na nauli ya kuifuata wanamlipa aende kiwandani, aitazame, aipige picha, aitume kwa WhatsApp, kisha aseme neno wanalolisubiri: fungeni kontena.

Kwa siku moja ya ukaguzi analipwa yuan mia tatu na hamsini. Chumba chake kiko mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya tisa, na nusu ya kipato inaishia humo. Viatu vya soko la Zhanxi anavijua kwa kunusa gundi tu. Majenereta, vitenge, vioo vya magari, vyote amevishika.

“Kayaki ndizo zilizoniumbua,” anamwambia mwandishi, aliye kwenye mashua ndogo kando yake, na anageuza uso kutazama upande mwingine.

Mwaka jana alipigiwa simu na Marijani, katibu wa kikundi cha wavuvi ishirini na wanne wa Kilwa. Kikundi hicho kinavua gayogayo na kuuzia hoteli. Walikuwa wamejichanga kwa miaka miwili wanunue kayaki kumi na mbili, kwa sababu kayaki ni nyepesi, mtu mmoja anaibeba, na inafika kwenye mchanga wa maji mafupi bila kumtisha samaki.

“Aliniuliza swali moja tu,” anakumbuka Elinami. “‘Mdogo wangu, wewe bahari unaijua?’ Nikamjibu, ‘Kaka, mimi nimekulia pwani.’”

Uongo mtupu, tena wa mchana kweupe. Elinami ni mtoto wa Mwika, chini ya Mlima Kilimanjaro. Pwani yake ni miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita pale Tanga, ambako bahari aliitazama akiwa amevaa viatu. Kuogelea alikuwa hajui. Kafi alikuwa hajawahi kulishika.

Kwa nini basi asiseme? Anauvuta mshipi kidogo, anauachia tena.

“Niliona haya. Mtu mzima, msomi, mkaguzi, niseme sijui? Nikaona bora nijue mbele ya safari.”

Basi akaenda kiwandani. Kayaki zilikuwa zimepangwa uani, juu ya saruji, zinang’aa kweli kweli. Akazigonga kwa vidole kama mtu anayechagua tikitimaji. Akaketi ndani ya moja, hapo hapo kwenye saruji, akajitikisa kushoto na kulia. Alipouliza kuhusu vizibo vya nyuma na mpira wa mfuniko, laoban, yaani mwenye kiwanda, akampigapiga begani: “Mei wenti.” Hakuna shida. Elinami akaandika hivyo hivyo kwenye ripoti, hakuna shida, mara kumi na mbili.

Ila Marijani aliomba kitu kimoja zaidi: video ya kayaki ikiwa majini, wanachama waone.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo leo, akilisimulia kwa mara ya kwanza, anainamisha kichwa. Alipita sokoni, akanunua gayogayo mmoja mkubwa, akamtia kwenye mfuko wa barafu. Akaja hapa hapa ghubani na kayaki ya mfano iliyoletwa na gari la kiwanda. Akavaa jaketi la kuokolea maisha. Akasimama kwenye maji yaliyomfika magotini, akaegemea kayaki, akamwinua samaki juu.

“Hii ndiyo mali, ndugu zangu!” alisema mbele ya simu. “Nimetoka majini sasa hivi, saa nzima nimekaa humu, na kitoweo chenyewe hiki hapa!”

Kilwa, video ile ilizunguka simu zote. Kontena likafungwa.

Mwezi Machi mwaka huu, mvuvi wa kikundi aitwaye Abubakary, mwenye miaka hamsini na sita, alitoka peke yake na kayaki namba nne. Maji yalikuwa yanapenya kidogo kidogo kwenye kizibo cha nyuma na chini ya mfuniko, yakijaa tumboni mwa kayaki mahali ambapo mtu aliyeketi juu hawezi kuyaona. Ilipolemewa, ilipinduka ghafla. Mzee alining’inia kwenye ubavu wa kayaki kwa saa nne, bega la kulia likiwa limechomoka, mpaka boti ya wavuvi wengine ikamwokota.

Wakazikagua zote. Saba kati ya kumi na mbili zilikuwa zinavuja.

Elinami alizipata habari hizo akiwa mezani kwa Rozina, mama wa Kilindi anayepikia Watanzania wali na maharage kwenye ghorofa moja pale Xiaobei. Aliusikiliza ujumbe wa sauti wa Marijani mara mbili. Kijiko kikamwanguka.

“Kaka Eli, kuna msiba?” Rozina akamuuliza.

“Hapana. Mtu amenusurika.”

“Sasa mbona uso umekusawijika hivyo? Si tumshukuru Mungu?”

Aliinuka, akaacha chakula, akazima simu siku mbili nzima. Ibada ya Jumapili akaikwepa. Akikutana na Mswahili yeyote barabarani anavuka upande wa pili, ingawa hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua lolote.

“Nilikuwa najiona kama nimeandikwa usoni,” anasema. “Naogopa mtu akiniuliza habari za kazi.”

Siku ya tatu alipiga moyo konde, akampigia Marijani na kumwomba radhi kwa kutokagua vizuri. Kisha akamganda laoban miezi mitatu, karibu kila siku yuko mlangoni kwake, mpaka kiwanda kikakubali kutoa kayaki saba nyingine zenye vizibo na mipira mipya. Safari hii akaapa kwamba hakuna itakayoondoka kabla yeye mwenyewe hajakaa ndani yake saa nzima, majini.

Lakini ilimlazimu kwanza ajifunze kuogelea. Akajiandikisha kwenye bwawa la mtaani kwao, alfajiri, saa za wastaafu. Akina bibi wa miaka sabini, na kofia zao za mpira, walikuwa wakimpita huku wakimcheka waziwazi. Alikunywa maji ya bwawa lile kiasi cha kutosha kaya nzima.

“Walinicheka, nikasema wacha wanicheke. Nilistahili zaidi ya hapo.”

Kupiga kafi alifundishwa na Lao Chen, mvuvi mstaafu anayekaa karibu na ghuba hii, mtu asiye na maneno mengi. Ndiye aliyemwonyesha namna ya kukagua: kaa saa moja, vua kama watu wanavyovua, inama, geuka, vuta mshipi, halafu rudi nchi kavu, inua kayaki, chomoa kizibo. Kisha utazame kinachotoka.

Leo ni Jumamosi ya nne. Sita zimeshapimwa na zimetoka kavu. Hii anayoikalia ndiyo ya saba.

Tatizo ni kwamba jambo la video hajalisema kwa mtu mwingine yeyote. Na juzi Marijani amempigia tena. Wanachama wana hofu, hakuna anayetaka kupanda kayaki za Kichina, hata zikiwa mpya. “Ndugu Eli, turekodie kama ile ya mwanzo,” amemwambia. “Wakikuona wewe mwenyewe na samaki wako, watapata moyo. Mzee Abubakary naye siku ile alipanda kwa sababu yako.”

Tangu asikie maneno hayo, anasema, usingizi haupati.

Dakika ya hamsini na mbili mshipi unakazika. Elinami anaruka kidogo, kayaki inayumba, anajikaza. Anavuta, anaachia, anavuta. Kitu kizito kinapanda polepole, kinapinda huku na huku, kisha mgongo wa kahawia unatokea, na macho mawili yaliyokaa upande mmoja yanamkodolea. Gayogayo, tena mkubwa kuliko sahani ya pilau. Wiki nne zote hajawahi kumpata hata mmoja.

Ufukweni Lao Chen anapiga makofi na kupaza sauti. Elinami hacheki. Anamtazama samaki anavyotapatapa miguuni pake, na mtu anaweza kuyasoma mawazo yake bila kuambiwa. Sasa anaye samaki wa kweli, kayaki ya kweli, saa nzima ya kweli. Akirekodi leo video kama ile ya mwanzo, nani atamjua? Uongo wa mwaka jana utafunikwa moja kwa moja, na Kilwa watashangilia.

“Nilitamani,” anakiri baadaye. “Siwezi kukudanganya, nilitamani sana.”

Anarudi nchi kavu. Wanaiinua kayaki wakishirikiana, Lao Chen anachomoa kizibo. Maji yanatoka. Si mengi, yamejaa kikombe cha chai tu, lakini yametoka.

Elinami anampigia laoban. “Mei wenti,” sauti inasema upande wa pili, kikombe kimoja ni kitu gani?

“Bu xing,” anajibu Elinami. Haifai. Anarudia mara tatu kwamba kontena halifungwi mpaka hiyo moja ibadilishwe. Laoban anafoka, kisha anakubali. Mzigo utachelewa wiki mbili.

Baada ya hapo anaketi mchangani, anamweka samaki mbele yake, anaiegemeza simu kwenye jiwe. Anapangusa pua kwa kiganja. Anaanza, anasita, anafuta, anaanza upya. Mara ya nne ndiyo anayoituma.

“Shikamoo Mzee Abubakary. Shikamooni wazee wangu wote. Huyu samaki nimemvua leo, ndiye wa kwanza maishani mwangu. Yule wa mwaka jana nilimnunua sokoni. Majini sikuingia, nilisimama tu kwenye maji ya magoti. Na mimi si mtu wa pwani, ni Mchagga wa Mwika, kuogelea nimejifunza mwaka huu. Kayaki sita ziko sawa, nimezikalia mwenyewe. Ya saba inavuja, nimeikataa. Mzee, bega lako ni mimi. Nina aibu, na sijui nikuambie nini zaidi ya hivyo.”

Hapa ghubani ni saa nane mchana, Kilwa ndiyo kwanza saa tatu asubuhi. Jibu linachukua karibu saa nzima. Elinami hali, hanywi, anazunguka ile kayaki kama anatafuta sarafu iliyoanguka. Simu inapolia anaishika kwa mikono miwili.

Ni sauti ya Abubakary mwenyewe, nzito, haina haraka.

“Marahaba, mwanangu. Yule samaki tulijua. Mimi nimevua miaka arobaini, samaki aliyelala kwenye barafu nisimjue? Tulicheka sana hapa. Tukasema kijana anajipendekeza, mwacheni, ni ujana. Lakini mimi nilidhani samaki tu ndiye wa uongo. Haikunijia kichwani kwamba hata chombo chenyewe hukukipanda. Hilo ndilo limeniuma leo, zaidi ya bega.”

Kisha sauti inaendelea.

“Umesema, umefanya vizuri. Ila watu hapa hawapandi kwa video tena. Lete kayaki zako, na uje nazo.”

Elinami anaisikiliza mara moja tu. Anainamisha uso kwenye magoti na analia bila kujificha, mtu mzima, mchana, mbele ya mwandishi na mbele ya Lao Chen, ambaye Kiswahili hakijui lakini anaondoka taratibu kwenda kuosha kafi.

Tiketi ameshaanza kuiulizia. Kontena likiondoka Desemba, litafika Dar es Salaam mwishoni mwa Januari, naye anataka kuwa Kilwa kabla halijafika. Hajui atapokelewaje. Anajua kwamba Mzee Abubakary hawezi tena kupiga kafi mbali, na kwamba bega hilo hakuna kiwanda cha kulibadilisha.

“Sitaki anisamehe kwa simu,” anasema. “Nataka zile kayaki zishushwe majini, yeye akae pale ufukweni, na mimi nipande kila moja, zote saba, saa nzima kila moja, anitazame. Nikimaliza ya saba nitatoka nimkabidhi kafi. Akilipokea, sawa. Asipolipokea, nitarudi kesho yake nianze na ya kwanza.”