Feruzi Kwenye Mnada wa Mavuno

Wapo watu Nguvumali watakaokuambia kwamba Dorkasi ni mama mkorofi. Waache waseme. Ni fundi cherehani, mjane wa miaka hamsini na minane, na kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyesoma Neno katika kanisa lao la Kilutheri. Akisimama pale mbele akasoma habari za Yona, hata watoto wa benchi la nyuma huacha kupigana mateke. Sauti hiyo hakuipata kwenye semina yoyote. Aliipata kwa Feruzi.

Feruzi ni mtu wa vitabuni, mpagazi wa enzi za Mjerumani. Mwoga, mwongo, mpenda wake za watu. Aliiba koti la sajenti lililoanikwa kwenye kamba ili apate kutoroka, na kabla hajafika mbali akajikuta anaongoza kikosi dhidi ya Waingereza hapa hapa Tanga. Nyuki wakamvamia, akatimua mbio, akakosea njia, akaangukia katikati ya kambi ya adui. Wale nao wakadhani jeshi zima liko nyuma yake, wakakimbia. Feruzi akavikwa nishani huku anatetemeka.

Dorkasi alikinunua kitabu cha Feruzi kule Ngamiani kwa muuza vitabu vya mtumba, akakisoma kwa sauti mara kumi na moja, kimeegemezwa kwenye cherehani, anacheka mpaka uzi unakatika. Babu yake aliletwa kwenye mashamba ya mkonge kama manamba, kibarua wa mkataba, akatoroka mara mbili. Shuleni Dorkasi walimfundisha mashujaa waliokufa wamesimama. Hakuna aliyemfundisha habari za waliojificha uvunguni wakabaki hai, wakaoa, wakazaa, mpaka naye akapatikana. Feruzi ndiye wa kwanza kufanana na babu. Anampenda, na haombi radhi kwa mtu.

Sasa aje Mzee Zabron, mzee wa kanisa, apite barazani amkute anacheka. Akakitazama kitabu, akaona jalada lina mwanamume amekumbatia kuku, akakichukua. Eti anakwenda kukikagua. Ukaguzi huo ulichukua wiki tatu. Hata Mchungaji Nehemia aliposema mali ya mtu hainyang'anywi, ndipo kikarudi.

"Nimesoma kurasa tatu tu, Mama Loveness, nikatapika," Zabron alimwambia Dorkasi. "Msomaji wa Neno hawezi kukaa na uchafu huu. Kitoe kwa kanisa kwa hiari yako. Usipokitoa, Sikukuu ya Mavuno atasoma Anold badala yako."

Dorkasi alikifungua baada ya mzee kuondoka. Sura ya mwisho ilikuwa na doa la kahawa, duara zima la kikombe. Yeye kahawa hanywi. Alilitazama lile doa kwa muda, akafunga kitabu, akaendelea kushona.

Sikukuu ikafika, Anold akasoma. Maskini Anold, alisoma kama mtu anayetembea pekupeku juu ya kokoto. Dorkasi alikaa benchi la tatu, machozi yakimlenga, na machozi yale yalikuwa ya hasira. Miaka kumi na tisa, kwa ajili ya mtu na kuku wake.

Kwao sadaka ya mazao huwekwa mbele ya madhabahu, mchungaji huibariki, kisha baada ya ibada hupigwa mnada uwanjani. Kilichobarikiwa hakirudi nyumbani, awe jogoo, liwe boga. Dorkasi akapanga foleni na mkungu wake wa ndizi, na juu ya ndizi, mchana kweupe, akaweka kitabu; si mzee alitaka kitolewe kwa kanisa? Mchungaji akabariki vyote kwa pamoja.

Dalali wa mnada ni nani? Mzee Zabron, kwa sababu ya koo lake. Akauza kuku, akauza mihogo, akauza ndizi. Kitabu akakisukuma nyuma ya gunia.

"Na hicho?" aliuliza Mwanasiti, jirani Mwislamu ambaye hakosi mnada kwa ajili ya ndizi za Dorkasi. "Si kimebarikiwa hicho? Kinadi basi, babu."

Zabron akakiinua kwa vidole viwili. "Kitabu," alisema. "Cha zamani."

"Kuku tumempapasa kifua, kitabu tununue bila kuonja? Hebu tusomewe kidogo," alisema Mwanasiti.

Watu wakamgeukia Dorkasi. Akakichukua, akasoma kwa sauti ile ile ya habari za Yona: Feruzi amejibanza uvunguni mwa kitanda cha muuza samaki, sajenti mwenye koti lake anaingia, anakaa juu ya kitanda hicho hicho. Akina mama wakashika mbavu. Mchungaji akajifuta macho. Dorkasi akafunga kitabu palepale, akamrudishia dalali.

Bei ikaanza kupanda. Zabron akataja bei ambayo hakuna aliyethubutu kuifuata.

"Nakinunua mimi," alisema, akakibana kwapani. "Na leo kinakwenda motoni."

Dorkasi moyo ulimpasuka, hilo hafichi. Lakini hakuondoka. Akafunga kanga yake vizuri kiunoni.

"Karatasi ni zako, mzee," alisema. "Feruzi ninaye mimi."

Akaendelea mikono mitupu, neno kwa neno. "Sajenti akavua kiatu cha kushoto. Akavua cha kulia. Akalala, akaanza kukoroma. Feruzi akatambaa polepole mpaka mlangoni, akatoka nje salama, na koti lake..."

"Hapana," alisema Zabron. "Umemruka mbuzi."

"Mbuzi gani?" aliuliza Mwanasiti.

"Yupo mbuzi. Anaanza kulitafuna lile koti, Feruzi hawezi kupiga kelele, na akinyamaza atatoka uchi, sasa yule mbuzi..." Zabron akakoma. Kitabu kilikuwa kimefungwa, bado kwapani mwake.

Kicheko kilichopigwa siku hiyo kilisikika ng'ambo ya barabara. Dorkasi peke yake hakucheka. Alinyoosha mkono, akangoja, mpaka Zabron akakitoa kitabu kwapani na kumpa, macho yake yakitazama viatu.

"Jumapili ijayo nasoma mimi," alisema Dorkasi. Hakuwa anauliza.

"Soma, Mama Loveness."

"Haya, kaa chini basi, mzee. Narudi kwa mbuzi."