Ngoma Iliponyamaza Shambani kwa Mama Mkwe

Siku timu yetu ya taifa ilipofuzu kwenda fainali za Afrika, nilikuwa nimeshika jembe katika shamba la mama mkwe, nje kidogo ya Bariadi, tope limenifika magotini.

Msomaji wa mbali atajiuliza kwa nini mtu alime siku kama ile. Huku majirani hulimiana kwa zamu. Leo kikundi kizima kiko kwako, kesho kwa mwingine, na zamu yako ikipita hairudi mpaka kaya zote ziishe. Mama mkwe ni mjane, wanawe wa kiume wanaishi mbali, na mvua za kupandia pamba zilikuwa zimeanza. Shamba lisipoisha siku ile, angepanda kipande tu. Kwa kawaida tungemaliza kabla ya jua kali, lakini asubuhi mvua ilinyesha tukachelewa kuanza, na kazi ikaangukia saa za mpira. Timu ilikuwa inacheza nyumbani, Dar es Salaam. Ilihitaji kushinda. Sare isingetosha.

Mpiga ngoma wetu, binamu wa mke wangu, alikuja amefunga redio ndogo kwenye mkanda wa ngoma. Mama mkwe akamwita.

"Hiyo redio ni ya nini?"

"Ya mpira tu, mayu," akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Ngoma haitasimama."

"Ikisimama, ugali wenu nawapa mbwa."

Ngoma ndiyo inayolima. Majembe hupanda nayo na kushuka nayo, na hata aliyechoka huvutwa na wenzake. Mpigaji hupumzika mwisho wa mstari, si kabla. Ikikatika katikati, maana yake ni moja: kuna mtu amepatwa na jambo. Ndivyo ilivyokatika miaka ya nyuma, baba mkwe alipoanguka katika shamba hilihili na asiinuke tena.

Tulilima kipindi chote cha kwanza bila goli. Jirani yangu kwenye mstari hakuacha kunichokoza.

"Mwalimu, kwenu Tanga mnalima au mnakuna ardhi?"

"Tunakuna. Ikicheka, tunapanda."

"Basi hii ya kwetu haina utani. Kandamiza jembe, shemeji."

Kipindi cha pili kilikuwa kimekolea nilipolishusha jembe na kuona limeshuka peke yake. Ngoma ilikuwa kimya. Niligeuka. Mpigaji alisimama mikono yote miwili juu, mdomo wazi, kama mtu aliyesahau kinachofuata. Redio ilikuwa inanguruma kifuani pake, maneno hayasikiki kwa kelele za uwanjani.

"Tumefunga," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba.

Hakuna aliyeshangilia. Nadhani habari ile ilikuwa kubwa mno kuingia mara moja. Na kabla haijaingia, mama mkwe alitokea mbio kutoka jikoni, hana viatu, mwiko mkononi, kanga imemteleza kutoka kichwani. Alitazama nyuso zetu moja baada ya nyingine, akaja moja kwa moja kwangu, akautupa mwiko, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nani?"

"Hakuna mtu, mama. Ni goli."

"Nani ameanguka?"

Hapa lazima nieleze tena. Mkwe hashikwi na mkwewe. Tangu nioe, mama yule nilimsalimia kwa mbali, macho chini, na chakula changu kiliwekwa kando. Sasa vidole vyake vilikuwa vimeubana mkono wangu, nami nimesimama kama kigingi. Nikarudia polepole, kama ninavyofanya darasani: mpira umeingia, watu wote wazima, hakuna aliyeanguka. Alihesabu wanaume kwa macho. Kisha akaona alichokuwa amekishika, akaachia.

Hakuna aliyecheka.

"Piga," akamwambia mpiga ngoma.

Kijana wa watu aliifungua ile redio kutoka kwenye mkanda, akaizima, akaiweka kwenye nyasi bila kuambiwa. Akapiga. Mechi ilikuwa haijaisha, nasi hatukujua tena chochote. Hofu yote ikashukia mikononi. Nilidhani wangelima wamekasirika, kumbe walilima kama watu wanaozuia goli la kusawazisha. Sikumbuki kunyoosha mgongo. Ninachokumbuka ni jembe langu kugonga mizizi ya minyaa ya mpakani, nikashangaa nani kaisogeza minyaa karibu hivi. Shamba lilikuwa limeisha.

Ndipo zikasikika honi za bodaboda kutoka barabara ya Lamadi, nyingi, hazikatiki. Mpigaji alimtazama kwanza mama mkwe. Yeye akatikisa kichwa kukubali. Ngoma ikasimama, na wanaume wazima wakakaa kwenye tope, wengine wameshika vichwa.

Mama mkwe alikuwa amerudi mahali pake pa mbali.

"Mwalimu, sasa wamepewa nini?"

"Bado, mama. Wamepata nafasi ya kwenda kucheza."

Aliifunga upya kanga yake kichwani.

"Kumbe hawajacheza."

"Bado."

Akalitazama shamba kutoka mwanzo hadi minyaa. "Na mimi sijapanda," akasema. "Njooni mle."

Chakula changu kilikuwa kando, kama siku zote. Niliponawa, nilisita kukunjua mkono wa shati. Juu ya tope lililokwisha kukauka mkononi mwangu, unga wa mahindi ulikuwa umeacha alama za vidole vya mama mkwe.