Mbegu ya Ulezi na Roho ya Baba

Juzi jirani yangu hapa Mpanda, mji wa saba au wa nane tangu nitoke kwetu, alianika kimea cha ulezi uani. Harufu yake, tamu yenye uchachu kwa mbali, ilinirudisha Mollo, kijijini kwetu, mwaka niliojaribu kumwokoa baba na moto.

Nilikuwa na miaka tisa, nikisoma mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Jumapili moja padri hakuja, katekista akaongoza ibada na kutuhubiria habari za tajiri aliyeungua milele huku maskini mwenye vidonda akipumzika mbinguni. Nilirudi nyumbani nikaitazama mali yetu kwa jicho jipya. Tulikuwa na maksai wanne. Baba alikuwa ameezeka bati, la kwanza upande wetu wa kijiji. Mvua ikinyesha hatusikilizani. Jirani yetu Bibi Sesilia alikuwa na kidonda cha mguu kisichopona, na nyasi za paa lake zilikuwa zimeoza. Mmoja wa hao wawili alikuwa anakwenda kubaya, na ndiye aliyenizaa.

Maksai nisingeweza kuwabeba. Nilichoweza kukifikia ni kapu la ulezi lililoning'inia juu ya mafiga, likila moshi ili wadudu wasiuguse. Nilijua kuwa ile ndiyo mbegu ya mwaka, nikajisahaulisha. Mchana mmoja, wote wakiwa shambani, nililibeba kichwani hadi kwa bibi.

"Baba amesema upokee," nilidanganya.

Alilitazama kapu, akanitazama mimi. "Baba yako anaumwa?"

Nilirudi nikirukaruka, kisha hofu mpya ikanishika: sasa bibi naye ana mali. Je, nimemharibia?

Bibi hakuula ule ulezi. Aliuotesha ukawa kimea, akapika pombe, akaita watu wamwezekee nyumba, maana kwetu mwenye pombe hakosi mikono. Baba naye akaenda. Aliposhuka kupumzika, bibi alimpa kata iliyojaa.

"Kunywa, Baba Leokadia. Ni ulezi wako mwenyewe, ule uliomtuma huyu Leokadia wako aniletee."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama, aliyelitafuta kapu lile siku nyingi, alinigeukia. Baba aliitazama pombe kwa muda, kisha akainywa yote.

"Mama," alimwambia bibi taratibu, "ukitangulia kwa Mungu, unitaje."

"Nitakutaja. Ila rudi juu ukafunge ile pembe, itavuja."

Watu wakacheka. Baba hakunipiga, na hilo lilinichanganya zaidi. Mwaka ule tulipanda mbegu ya kuomba kwa mjomba, ikaota mabaka mabaka. Hadi leo sijui thawabu ya ulezi ule ni ya nani: ya baba, ambaye hakuutoa, au yangu mimi niliyeuiba. Nimewauliza mapadri wawili katika kutangatanga kwangu. Mmoja alicheka, mwingine aliniambia nisali.

Nilichokuja kuelewa ukubwani ni kidogo tu. Siku ile sote tulidhani baba anatania. Lakini mtu mwenye maksai wanne hamwombi bibi kikongwe amtaje kwa Mungu ili watu wacheke. Baba aliuogopa moto ule kuliko mimi, na hakuna aliyewahi kumuuliza.