Daktari Aliyenitibu kwa Mgongo

Wakuu, mwaka 1996 nilitibiwa na daktari aliyenipa mgongo mwanzo mpaka mwisho. Alinijia kinyumenyume, kajifunika khanga kichwani, akanipima mapigo bila kunitupia jicho hata mara moja.

Wala hakuwa na dharau. Alikuwa ananiheshimu.

Kaeni vizuri niwaeleze.

Naitwa Asajile, mkulima wa chai na ndizi kule Kinyala, Rungwe. Siku hizi ni mzee ninayeandika kwenye simu kwa kidole kimoja, lakini wakati ule nilikuwa na miaka hamsini na nguvu zangu.

Wa umri wangu mnakumbuka enzi za foleni. Kilo ya sukari uliipata kwa kujuana na mwenye duka la kijiji. Halafu biashara zikafunguliwa, maduka ya Tukuyu mjini yakajaa sukari mpaka nje ya mlango.

Ndipo nikaambiwa nina kisukari.

Nilicheka. Ila buti lilikuwa limenichubua kidole gumba cha mguu wa kulia, na wiki ya sita ilipopita kidonda hakijafunga, kicheko kikakata.

Dokta Ezron wa hospitali kubwa, mzee wa miwani, hakuzunguka. Alisema sukari isiposhuka mguu utakatwa. Kisha akaandika kwenye daftari langu la kliniki: ndizi marufuku, nyama na maharage ruksa.

Ndizi marufuku, kwa Mnyakyusa. Nilitoka pale nimeduwaa.

Bahati nzuri watu binafsi walikuwa wamesharuhusiwa kufungua zahanati, na moja ilikuwa Bulyaga. Nikaenda kutafuta daktari wa pili. Dokta Godwin, kijana wa Dodoma, shati limenyooka, naye akanifungulia daftari la zahanati yake. Akaandika: nyama marufuku, ndizi za kuchemsha ruksa.

Hapo ujanja ukaniingia.

Mke wangu Sekela akiniuliza mbona unakula ndizi, namtolea daftari la Dokta Godwin. Akiniuliza mbona unakula nyama, namtolea la Dokta Ezron. Nilitembea nayo yote mawili kwenye mfuko wa ndani wa koti, na kila chakula kilikuwa na daktari wake.

Sekela alijumlisha marufuku. Kwa hesabu yake nilitakiwa kula mchicha na maji. Mimi nilijumlisha ruhusa.

Alilalamika kanisani kwamba madaktari wanatuchanganya. Nikamuunga mkono kwa sauti. Nilisema wasomi wenyewe hawaelewani, sasa sisi wakulima tufanyeje. Watu walinihurumia sana, wengine wakanialika chakula.

Kidonda kilizidi kuchimbika. Nikakifunga kitambaa, nikavaa buti.

Mtu mmoja tu angeweza kunikamata. Mkwe wangu Tulinagwe, mke wa mwanangu Lugano, alikuwa tabibu Mbeya mjini. Lakini kwa desturi yetu ya zamani, baba mkwe na mkwe wake wa kike hawaonani. Hanitaji jina, haniangalii, na tukikaribia kukutana njiani mmoja anaingia shambani. Vijana wengi walishaanza kuiacha desturi hiyo. Tulinagwe hakuiacha, na mimi nilimsifu sana kwa hilo, mnajua kwa nini.

Akija likizo alikuwa anamuuliza Sekela sebuleni, mzee anaendeleaje. Nami najibu nikiwa chumbani kwamba naendelea vizuri kabisa.

Siku ya siku ukatokea msiba Matwebe. Ng'ombe wawili walichinjwa. Wanaume tulikaa upande wetu, wanawake upande wao, na rafiki yangu Amoni alikuwa karibu na sufuria.

Nikala nyama ya Dokta Ezron. Nikala ndizi za Dokta Godwin. Nikashushia na soda mbili ambazo hazikuwa za daktari yeyote.

Mchana ule kiu ilinishika, nikanywa maji, nikaenda haja, nikanywa tena. Macho yakaingia ukungu. Mara nikajikuta chini, benchi liko juu yangu.

Amoni alidhani sukari imeshuka. Akafungua soda ya tatu, akanisogezea mdomoni.

"Msimpe hiyo soda," sauti ikatoka upande wa wanawake.

Watu wote wakageuka. Tulinagwe, aliyekuwa amekuja kuzika kutoka Mbeya, alikuwa amesimama. Akajitanda khanga mpaka usoni, akageuka, akaanza kuja kinyumenyume kati ya wanaume, anapapasa nyuma kwa mkono. Akanipata kifundo cha mkono, akahesabu mapigo akiwa anautazama mgomba.

Akamwambia Amoni aniulize leo nimeenda haja mara ngapi. Nilikuwa hapo hapo chini ya kiwiko chake, nasikia yote. Amoni akainama akanirudia swali, nikamjibu Amoni, Amoni akampelekea yeye jibu, umbali wa hatua moja.

Akaomba daftari la kliniki. Amoni akaingiza mkono kwenye koti langu, akatoka na mawili.

Tulinagwe alisoma kimya. Kisha akauliza kama wazee watamruhusu asome kwa sauti, na wazee, kwa umbea wao, wakaruhusu.

"Hili la kwanza linasema: mgonjwa anaeleza kuwa anakula ndizi asubuhi, mchana na jioni, nyama anaiona sikukuu tu," alisoma. "Na hili la pili: mgonjwa anaeleza kuwa anakula nyama kila siku, ndizi hazipendi."

Kuna mzee alikohoa kuficha kicheko.

Wakuu, hilo sikuwaambia. Sekela alikuwa mgumu wa kununua nyama, kwa hiyo kwa Dokta Ezron nilijifanya sijaionja tangu Pasaka, ili aniandikie. Akaniandikia, lakini akaninyang'anya ndizi. Nikaenda Bulyaga kuzirudisha. Kule nikasema mimi ndizi sizitaki kabisa, na kwa kuwa Dokta Godwin alikuwa mgeni wa Rungwe, akaamini.

Kila daktari alipunguza kile nilichomwambia nimezidisha. Hawakupingana hata siku moja. Niliwapinganisha mimi.

Walinipakia kwenye pikapu mpaka hospitali. Kidole gumba kilikatwa. Mguu ulibaki, na Dokta Ezron alisema ningechelewa wiki moja tu nao ungekwenda.

Tulinagwe aliwaomba madaktari wote wawili waje kitandani kwangu. Walikaa dakika tano, wakakubaliana: kila kitu kidogo kidogo, soda hapana. Mwaka mzima wa ujanja wangu uliishia hapo.

Walipoondoka, Tulinagwe aliketi kitanda cha jirani, mgongo kwangu, daftari jipya mapajani. Sekela alikaa katikati yetu.

"Mama, naomba umuulize mzee jana alikula nini."

Wodi nzima ilikuwa imesikia, ila Sekela akanigeukia akaniuliza. Nikafungua mdomo niseme uji tu.

Nikaitazama ile khanga. Mtoto wa watu aliyekuwa akikimbilia shambani nisimwone alipita katikati ya wanaume wa msiba mzima kwa ajili yangu, nami nilikuwa najiandaa kumdanganya na yeye. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Na nilimpenda kama niliyemzaa.

"Uji bila sukari," nikasema. "Ndizi tatu. Na andazi la huyu jirani, alipolala."

Kalamu yake iliandika yote matatu. Mabega yakaanza kumtikisika, na ilikuwa ni kicheko. Jirani hakucheka.

Basi wakuu, mkiulizwa mnakula nini, tajeni mnachokula. Daktari anamtibu yule mtu wa kwenye maelezo yako. Mimi niliwapelekea watu wawili ambao hawajawahi kuwapo duniani, na kidole kikakatwa changu.